Mtandao Haujui Swali

Nianze na hili: mimi si msomi. Shule niliiacha kidato cha pili, na mambo ya mitandao nilijifunza kwa kuharibu vifaa, vya watu kwanza, vyangu baadaye. Kiswahili changu ni cha laini za polisi, yaani kota za askari, ambako baba alikuwa konstebo, kwa hiyo atakayeona nimeteleza mahali asishangae. Naandika haya nyuma ya daftari lile lile ambalo kurasa za mbele nimejaza namba za ruta. Nataka yakae mahali pamoja, niliyoyapata na niliyoyakosa, maana nikiyasimulia kwa mdomo najikuta kila mara nimejipa sehemu nzuri.

Kazi yangu iko Makindye, Kampala, chini kidogo ya ukuta wa kambi ya jeshi. Nina antena juu ya paa la duka la dada mmoja Mkenya anayeuza unga, sabuni na misumari. Nguzo ya antena ilichomelewa Katwe, na ni ndefu kuliko nilivyoagiza, kwa sababu mchomeleaji alisema hawezi kukata chuma kizuri. Kaloli, wale korongo wakubwa wa majalalani, wanaipenda. Siku nyingi nikiinua macho namkuta mmoja amesimama juu yake, kichwa kimezama mabegani kama mtu anayesikiliza. Antena inapokea mtandao kutoka mlimani, ruta yangu inaugawa kwa nyumba thelathini na kitu, nyingi za familia za askari, na kwa yeyote anayekuja kukaa chumba cha nyuma cha duka, kati ya magunia, apige simu.

Yule mama alikuwa mtu wa chumba cha nyuma. Mjane wa askari, mtu wa kaskazini, mwembamba, anakaa wima hata akiwa juu ya gunia. Binti yake alikuwa Uarabuni kwa kazi za nyumbani, na aliruhusiwa kushika simu yake saa moja tu kwa wiki: Ijumaa, saa nane mchana hadi saa tisa. Kila Ijumaa saa nane kasoro mama alikuwa tayari kwenye gunia, simu mapajani, kama mtu aliye kwenye zamu.

Ijumaa moja alitoka kabla saa yake haijaisha. Akasimama mbele yangu pale ninapokaa na kompyuta, karibu na mizani.

"Fundi," akasema, "hii waifai yako iko na watu ndani."

Dada wa duka alicheka, akauliza kama hao watu wamenunua bando au wameingia bure. Mama hakucheka. Alituambia kwamba ni wanawake wawili. Wa kwanza anarudia kila kitu anachosema yeye. Akisema mwanangu, yule naye anasema mwanangu, baadaye kidogo, kwa sauti ya mzee iliyo mbali. Wa pili harudii. Wa pili anaongea chini-chini, na binti anamngoja amalize ndipo ajibu.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu miezi kadhaa, ila alikuwa akiona haya kusema. Sasa haya imekwisha, kwa sababu ofisi iliyompeleka binti ilikuwa imempigia simu. Mkataba wa miaka miwili unaisha mwisho wa mwezi. Binti, walisema, amekubali kuongeza miwili mingine. Aje mzazi aweke sahihi. Zilikuwa zimebaki Ijumaa tatu, na hiyo ikiwemo.

"Mimi siweki sahihi juu ya maneno ya ofisi," alisema. "Nataka kumsikia yeye. Mtu akisema ndiyo, iko namna inasikika. Sasa nitasikiaje, na hawa wawili wako katikati?"

Nikamwambia anipe nafasi. Nilimwambia pia, na hili naliandika kwa sababu ni la kunilaumu, kwamba hao wanawake hawapo, wote wawili ni ucheleweshaji.

*

Nieleze ucheleweshaji kama ninavyouelewa mimi. Sauti ya simu ya mtandao hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikasafiri peke yake. Picha za filamu nazo hukatwa, lakini zinakuja kwa mafuriko. Sasa fikiri bomba la maji la mtaani wakati maji yamerudi. Mtu wa filamu ana jerikeni ishirini amezipanga. Mtu wa simu ana kikombe kimoja tu, lakini anakihitaji sasa hivi, na baada ya hicho anarudi na kingine. Kama hakuna wa kusimamia foleni, kikombe kinangoja nyuma ya jerikeni. Hakipotei. Kinafika, ila kimechelewa, na mtu upande wa pili anakunywa swali ulilouliza zamani.

Ijumaa saa nane ni saa mbaya Makindye. Watoto wametoka shule, askari waliotoka zamu wamelala chali wanatazama mpira wa marudio. Nilipima. Nilituma kijumbe kidogo hadi nje na kungoja kirudi. Asubuhi kilirudi kabla sijapepesa jicho. Saa nane Ijumaa kilichukua karibu sekunde mbili. Sekunde mbili ni kidogo kwa mtu anayengoja chai. Kwenye maongezi ni shimo.

Na yule mwanamke anayerudia, huyo nilimjua. Binti alikuwa ameweka simu mezani kwenye spika, sauti ya mama inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye kinasa sauti cha simu ile ile, inarudi Makindye. Kila simu ya spika ina mwangwi huo kidogo. Ukirudi haraka unamezwa na sauti yako mwenyewe na husikii kitu. Ukirudi baada ya sekunde kadhaa, umepoa, umekuwa mtu mwingine. Mama alikuwa amejisikia mwenyewe kwa miezi, akadhani ni kizee kilichokaa chumba kimoja na mwanawe.

Sikujiuliza kwa nini simu iwekwe kwenye spika.

Wiki ile nilikaa na ruta. Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuamini karatasi. Nilikuwa nimeiambia ruta kwamba laini yangu ina upana ule niliouziwa, na mchana haina. Kwa hiyo foleni haikuwa inajipanga kwangu, ilikuwa inajipanga juu mlimani, kwenye mitambo ya kampuni, ambako sina mkono. Ukitaka kusimamia foleni, lazima ijipange mlangoni kwako. Nikashusha kipimo chini kidogo ya kile laini inachoweza siku mbaya. Watu wa filamu walilalamika, na walikuwa na haki, kwa sababu nao wanalipa. Kosa la pili: nilifungua njia ya haraka kwa chochote kinachotoka kwenye programu ile ya simu, na programu ile hubeba pia video za harusi. Jerikeni zikapita mlango wa vikombe. Nikaanza upya, nikachagua vile vipande vidogo tu vinavyokuja kwa mwendo mmoja, bila kukimbia na bila kupumzika. Hivyo ndivyo sauti ya mtu inavyotembea.

Namba naziandika, lakini kusema kweli siziamini peke yake. Nina kipimo kingine. Mama yangu mzazi alikuwa Muganda, na mdogo wake anaishi Luzira, upande wa Port Bell, karibu na reli inayoshuka bandarini. Nikiwa narekebisha, nampigia yeye na kumsalimia salamu yote ya Kiganda. Anayeijua anajua kwamba baada ya maneno kuisha, salamu haiishi. Yeye anaguna mmm, wewe unaguna mmm, yeye eee, wewe eee, zinapishana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Foleni ikiwa mbaya michi inagongana. Jumatano ile, kabla sijamaliza, tulikuwa tumefika mwisho, mimi nimenyamaza na yeye amenyamaza, nikasikia mmm mwingine. Mmoja wa ziada, mfupi, mpole. Nyuma yake mabehewa yalikuwa yanagongana kule bandarini.

Mama mdogo akaniuliza, "Nani huyo amejibu?"

Nikamwambia ni wewe, wa sasa hivi, umechelewa njiani. Akasema yeye hajaguna mara ya mwisho. Sikubishana naye. Pengine aliguna akasahau. Mtu haangalii miguno yake. Alhamisi michi iliingia sawasawa kinuni, na nikaandika kwenye daftari: *tayari*.

*

Ijumaa ya pili nilimwomba mama ruhusa nikae naye chumba cha nyuma, na kompyuta mapajani, nione namba wakati anaongea. Alikubali. Nilitaka kumfanyia kazi, lakini nilitaka pia nisifiwe. Yote mawili ni kweli.

Nilipoingia walikuwa wameshaanza kuongea. Sauti ikaja safi na karibu, ukadhani yuko nyuma ya magunia ya mahindi. Mama alisema "mwanangu," akangoja, akainua uso kunitazama. Hakuna aliyerudia. Yule kizee alikuwa ameondoka.

Nilitabasamu. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilitabasamu.

Waliongea juu ya mvua, juu ya jirani aliyejifungua mapacha. Majibu yalikuja upesi, na mara moja binti alicheka kabla mama hajamaliza, jambo ambalo zamani lisingewezekana. Kisha mama akauliza, "Unakula vizuri?"

Kimya.

Nikatazama kompyuta. Foleni ilikuwa tupu. Kijumbe kilikuwa kinakwenda na kurudi haraka kama asubuhi. Na ndani ya kile kimya, kwa sababu sasa hakuna kilichokuwa kinakifunika, nikasikia pumzi mbili. Moja ilikuwa ya karibu. Ya pili ilikuwa pembeni yake. Ya pili ikasema kitu, maneno mawili matatu, kwa sauti ya mtu anayeongea bila kufungua mdomo.

"Nakula vizuri, mama," binti akasema.

Mama aliuliza mengine. Kazi si nyingi? Kimya. Wanakupa siku ya kupumzika? Kimya. Mapacha walipewa majina? Hapo jibu lilikuja mara moja, akauliza yeye kama ni wa kike. Nilikuwa naandika sekunde kwa penseli. Mtandao haujui swali. Kipande cha sauti kilichobeba "mapacha" na kipande kilichobeba "unakula" ni sawa, uzito mmoja, njia moja. Hakuna ruta duniani inayochelewesha kimoja na kupitisha kingine kwa sababu ya maana yake.

Halafu mama akafanya jambo ambalo, nilikuja kujua, alikuwa amewahi kulifanya. Alimwita kwa lugha yao ya nyumbani, maneno machache tu. Simu ikakatika.

Nilifungua daftari kurasa za mbele. Nilikuwa na simu zake tatu zilizokatika, miezi tofauti, na kila moja nimeandika: *mtandao*. Nikamuuliza kama zile siku nazo alikuwa amesema kilugha. Alifikiri, akasema ndiyo, zote. Ndipo akaniambia kinachomuuma kuliko vyote. Binti yake hakuwahi kumsemesha Kiswahili maisha yake yote. Kiswahili kwao ni lugha ya kambi, ya kuitwa na kuamrishwa. Baba alikivua mlangoni pamoja na buti. Sasa kila Ijumaa mwanawe anamsalimia kwa Kiswahili.

"Ananisalimia kama askari," alisema. "Na kuna kitu amenituma nikuambie. Leo hii, kabla hujaingia. Anasema mwambie fundi asiguse-guse mitambo, zamani ilikuwa sawa."

Hilo liliniuma. Wiki nzima sijalala vizuri kwa ajili ya laini yake, na haya ndiyo malipo. Nikaenda nikaikaza tena foleni nusu saa nzima kwa hasira, kana kwamba tatizo ni kwamba haijawa safi vya kutosha.

*

Nilimweleza dada wa duka. Ni mtu wa magharibi ya Kenya, amekaa Kampala miaka mingi, na ana mdomo. Nilimwambia kuna mwanamke amesimamishwa pale amlinde yule binti, anayejua Kiswahili, ndiyo maana binti analazimishwa Kiswahili, na anamwambia cha kujibu. Kisha nikaongeza kwamba kwa lafudhi ya yale maneno machache niliyonasa, huyo ni mtu wa kwao, Mkenya. Nikasema ni mtu mbaya. Kuna watu, nikasema, ukiwapa rungu dogo tu wanampiga mwenzao.

Alikuwa anapima sukari. Hakuacha kupima.

"Injinia, umesikia maneno matatu," akasema. "Matatu. Na ushajua roho yake."

Nikamwambia nimesikia vya kutosha.

"Mimi nimefanya kazi ya nyumba Nairobi, kabla nije huku. Wewe umewahi? Basi ngoja nikwambie. Ule mnalala naye jikoni ndio anajua kama umekula. Hakuna mwingine anajua. Bibi hajui, mamako hajui. So wacha kuniletea Wakenya."

Tulinuniana siku mbili. Nilikuwa naingia kwa mlango wa nyuma kuangalia vifaa vyangu na kutoka kimya. Nikiwa nje nilikuwa nikitazama juu, kaloli yuko pale pale, na nilianza kujiuliza mambo ya kijinga, kama je, ndege anaweza kusikia kinachopita chini ya miguu yake. Kila simu iliyopita sasa ilinisumbua. Zamani ilikuwa namba. Sasa nilikuwa naona mstari mmoja mwembamba ukitembea kwa mwendo wake usiokimbia wala kupumzika, na kuwaza: huyu anasema, au anaambiwa aseme?

Nilikaribia kurudisha mipango ya zamani. Naandika hili pia. Nilifikiri, binti mwenyewe ameomba, na mimi si baba yake. Kama nikirudisha foleni mbaya, vimya vyote vitafanana, mama hataweza kutenganisha, ataweka sahihi au hataweka, na halitakuwa juu yangu. Alhamisi nilikuwa na kidole kwenye kitufe. Kilichonizuia kilikuwa majirani wa simu nyingine, mke wa sajini anayempigia mumewe aliye mpakani, ambao walikuwa wameniambia asante. Sikuona haki kuwaharibia wao. Kwa hiyo hata pale nilipofanya sawa, sababu haikuwa yule mama.

*

Ijumaa ya tatu kulikuwa na jua kali na hakuna upepo. Mama alikuja na karatasi za ofisi ndani ya bahasha ya kaki, maana jioni hiyo hiyo walikuwa wanamngoja mjini. Aliniambia nikae. Safari hii alikataa nitazame kompyuta mwanzoni. Alisema nitazame wakati akiniambia.

Alianza na maswali mepesi, moja baada ya jingine. Mvua. Mapacha. Nguo aliyoituma. Majibu yakaja hapo hapo, hapo hapo, hapo hapo. Niligundua anachofanya. Alikuwa anasikiliza mwendo, kama mama mdogo na mimi kwenye salamu. Alipokwisha kuushika, akasema kwa sauti ile ile ya mvua na mapacha:

"Ofisi wananingoja leo. Nikubali miaka miwili?"

Akaninyooshea kidole. Nikatazama.

Namba hazikutikisika. Hata mke wa sajini alikuwa bado hajaanza simu yake. Katika laini yote ya Makindye hakukuwa na kitu mbele ya jibu la yule binti, barabara yote ilikuwa yake, na jibu halikuja. Nilisikia pumzi mbili. Nilisikia ile ya pembeni ikinong'ona, ikanyamaza, ikanong'ona tena kwa haraka zaidi. Kuna kitu kama kikombe kiliwekwa juu ya jiwe. Nilihesabu hadi kumi na moja.

"Kubali, mama," binti akasema.

"Nimesikia," mama akasema, akamwambia abaki salama, akakata.

Kisha akanigeukia. Bahasha ilikuwa chini ya mkono wake.

"Wewe ndiyo unajua hii kitu. Niambie. Ni mashini, ama ni mtu?"

Mimi ni mtu wa *labda*. Mke wangu ananicheka kwa hilo; anasema hata nikiulizwa kama nimeoga nasema inategemea. Nilikuwa na labda nyingi tayari. Labda mtandao wa kule. Labda simu yake ni ya zamani. Zote zinawezekana, na fundi mwaminifu angezitaja. Lakini yeye hakuniuliza kinachowezekana.

"Ni mtu, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Alikwenda mjini na bahasha yake, na hakuweka sahihi. Nilisikia baadaye kwamba walimkaripia, walimwambia anamharibia mtoto riziki, na yeye alikaa wima kwenye kiti chao akarudia jambo moja tu: mtoto arudi aniambie mwenyewe hapa, kisha nitaweka sahihi ya miaka kumi mkitaka.

*

Binti alirudi baada ya wiki sita hivi. Alikuja dukani na mama yake kununua sabuni, msichana mrefu, mnene kidogo kuliko nilivyowaza, na kwenye foleni ya sabuni walikuwa wanaongea kilugha chao upesi upesi, mmoja akiingia ndani ya maneno ya mwenzake. Nilitaka kujificha. Mama akamwonyesha mimi: huyu ndiye.

Binti alinisalimia kwa adabu. Nikamuuliza, na sijui kama nilikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini alitaka nirudishe mambo ya zamani. Akasema, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inampa nafasi. Mama akiuliza, kila jibu linachelewa, basi naye anaweza kukaa, kumeza mate, kutafuta sauti nzuri, na mama atasema ni mtandao. Mimi nilipoisafisha, hakuwa tena na pa kujificha. Hakuwa analaumu. Alisema walimlipa mshahara wake wote, hawakumpiga. Walishika pasi yake ya kusafiria na simu yake, na alilala stoo na alichoka mpaka akasahau baadhi ya majina ya watu. Bibi wa nyumba alitaka simu ziwe kwenye spika, kwa lugha ambayo mtu wa humo ndani anaielewa. Alisema pia kwamba bibi mwenyewe alikuwa mtu mwenye woga.

Nikamwambia nasikitika juu ya yule Mkenya aliyekuwa anamwekea maneno mdomoni.

Alinitazama kama nimesema kitu kwa lugha nyingine.

"Kaka, hapana," akasema. "Yeye alikuwa ananiambia, *sema kweli, bibi ametoka, sema sasa hivi*. Kila Ijumaa. Mimi ndiye nilikuwa naogopa. Naona mama peke yake pale, nafikiri, nikisema kweli atalala? Na nikirudi, ataishi na nini? Na mama akiniita kilugha, simu alikuwa anaikata yeye, ndiyo. Jikoni kuna kamera. Bibi akisikia lugha isiyo Kiswahili tunaulizwa sote wawili."

Dada wa duka alikuwa pale, anafunga sabuni kwenye gazeti. Aliongeza kipande kimoja cha bure. Ingekuwa nafuu kama angenikaripia. Jioni nilimwomba msamaha, na alisema sawa, halafu akanikopesha bisibisi yake.

Nilichosema chumba cha nyuma kilikuwa kweli: alikuwa mtu. Nilichokosea ni mtu yupi. Nilisikia kimya na mnong'ono, nikampa kosa mwenye mnong'ono kwa sababu huyo nilikuwa simjui.

*

Sasa ni binti anayekuja Ijumaa saa nane. Anakaa kwenye gunia la mama yake na kumpigia yule mwenzake Mkenya aliyebaki kule. Aliniomba nikae naye mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa na wasiwasi na laini. Simu iko kwenye spika upande ule, kama zamani. Naujua mwangwi wake. Waliongea Kiswahili, cha Kenya na cha kambi, wakataniana juu ya sufuria fulani iliyoungua. Yule dada ana sauti nzito, yenye kicheko chini yake. Ni sauti niliyoisikia Ijumaa mbili bila kuisikia.

Kisha binti akamuuliza, "Wamekuletea mwingine wa nafasi yangu?"

Kimya.

Sikutaka kutazama namba, nikatazama. Zilikuwa safi. Nilianza kuhesabu, nikajikataza. Katika kile kimya zilikuwepo pumzi mbili. Moja ilikuwa nzito, ile ya yule dada. Nyingine ilikuwa nyepesi, ya juu-juu, ya mtu aliyeshika mdomo wake.

Binti alikuwa amezisikia pia. Niliona vidole vyake vikitulia juu ya gunia. Sikujua atafanya nini, na kwa mara hii sikudhani lolote juu ya mtu yeyote. Aliinama karibu na simu.

"Na wewe, dada uliyekaa hapo pembeni," akasema polepole, "hujambo?"

Jibu likaja hapo hapo, sauti changa nisiyoijua, karibu kama iko nyuma ya mahindi.

"Sijambo."